Udugu wa Kizingiti: Siku Bubu Aliposema

"Najat, usipige kelele. Mumeo yu hai."

Uliyekuwa nasi Jumamosi iliyopita unamjua aliyesema maneno hayo, na unajua kwa nini Najat hakuyaamini masikio yake. Na wewe unayetukuta leo njiani, karibu, hujachelewa sana.

Najat ni mkata tiketi za mabasi ya mikoani pale stendi ya Mbezi Luis. Mumewe, Talha, ni mwalimu wa historia wa sekondari, mgonjwa wa kisukari anayeishi kwa sindano. Juzi Talha aliaga kwamba anakwenda msibani Ukonga. Msiba haukuwepo. Na sindano zake zote zilibaki kwenye friji.

Kumtafuta kukamfikisha Najat kwenye godauni moja la Kiwalani, mahali ambapo ndege zinapita juu karibu kukwangua mabati. Humo wanakutana watu wanaojiita Udugu wa Kizingiti. Wanajitanda shuka nyeupe, wanakaa chini, wanamsikiliza mkuu wao ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso. Wanamwita Mlezi. Sauti yake inatoka kwenye spika nyuma ya pazia jeusi, sauti nzito, tamu, ya kumliza mtu mzima.

Najat alijitanda shuka kama wao, akaingia nao mchana kweupe, akanyata mpaka nyuma ya pazia akiwa na nia moja: kumkaba huyo Mlezi mpaka aseme Talha yuko wapi. Badala yake akashikwa mkono na mzee bubu, mfagiaji aliyemfungulia mlango na kumwelekeza kwa ishara.

Na bubu akasema. Tena akasema kwa sauti ya Mlezi.

"Kumbe ni wewe," Najat alisema. Alikuwa amejiandaa kupiga, kung'ata, kujaza mtaa mayowe. Lakini hakuwa amelala vizuri tangu juzi, na miguu ilikuwa imemvimba ndani ya raba. Hasira yenyewe ilimtoka imechoka. "Mzee mzima na mvi zako. Huoni aibu?"

"Naona," mzee akajibu. "Kaa kwanza."

"Sikai. Talha yuko wapi?"

"Sema polepole, hicho ni kitambaa tu, wanasikia. Naitwa Jamali. Nilikuwaga mtangazaji wa redio, labda mama yako atanikumbuka. Sauti ni yangu, dada. Maneno si yangu."

"Ya nani sasa?"

Jamali akaonyesha kwa kidevu.

Pembeni, juu ya matofali, kulikuwa na sanduku la mbao refu kama mtu. Lilikuwa limefunikwa, na kwenye kifuniko yametobolewa matundu madogo ya hewa. Najat alilitazama, akamtazama Jamali, akaenda akakisukuma kifuniko kwa mikono miwili.

Talha alikuwa ndani. Amelala chali, amevishwa nyeupe, midomo imekauka mpaka imepasuka. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka harakaharaka, kama cha mtu aliyepanda ngazi mbio.

"Mmemfanya nini? Huyo Mlezi wenu amemfanya nini mume wangu?"

"Dada," Jamali alisema, naye akaegemea ukuta kama mtu aliyesimama mwaka mzima. "Mlezi ndiye huyo."

Najat hakuelewa. Na wewe msomaji usijilaumu kama hukuelewa. Ilibidi Jamali arudie.

"Talha ndiye Mlezi. Haya yote ni yake. Udugu ni wake, mafundisho ni yake, hata hilo sanduku alilichora yeye, fundi akalichonga. Mie ni spika tu. Huko mbele najifanya bubu wasije wakaitambua sauti."

"Talha hawezi hata kusimamia kikao cha ukoo. Talha ana kigugumizi!"

"Ndiyo maana akanitafuta."

Ikamwingia polepole, kama maji yanavyoingia ndani ya nyumba huku umelala. Wanafunzi walivyokuwa wakimwiga Talha darasani. Talha alivyokuwa akirudi jioni, anakaa na vitabu vyake mpaka chakula kinapoa. Najat alidhani anasahihisha mitihani.

Kumbe mumewe alikuwa anaiumba dunia upya.

Kabla ya Misri kuwa Misri, Mlezi alifundisha, ulikuwepo mji wa wajuzi mbele ya midomo ya mto Rufiji, siku hizo bahari iko mbali. Walipoona maji yanakuja wakagawana njia. Wengine wakaufuata Nile wakajenga piramidi. Wengine wakaenda Uhindi, wengine Uyunani, na kila walikofika waliacha udugu wa siri, elimu ikipita mdomo kwa sikio. Kila mfalme mkubwa unayemsoma kwenye vitabu aliwahi kulala kwenye sanduku la giza siku tatu, bila chakula, bila maji, bila dawa, akafa kidogo, akaamka akikumbuka kila kitu. Waliobaki huku pwani ndio pekee waliosahau kwamba mlango ulikuwa kwao.

Ukitukanwa siku nzima kazini, halafu jioni mtu mwenye sauti kama ya Jamali akakuambia kwamba babu zako ndio waliowafundisha wafalme, kesho utarudi. Walirudi. Walikuja kutoka Ukonga, Temeke, Gongo la Mboto, wakajaa godauni.

"Na wewe unaamini?" Najat akamwuliza Jamali.

"Mie nimeshastaafu, dada. Nilikuwa naamini watu wananisikiliza. Hilo lilinitosha."

Najat akainama ndani ya sanduku, akamwita kwa jina la mtoto wao kama nyumbani.

"Baba Hija. Baba Hija, ni mie. Amka."

Macho yakafunguka nusu. "Na... Najat? U-umefikaje?"

"Nimefika tu. Nyanyuka twende."

"Bado. Ni-nimeingia jana tu. Siku ya ta-tatu."

"Siku ya tatu utakuwa makaburini. Nyanyuka."

"Wa-wananingoja." Alijaribu kutabasamu, mdomo ukatoa damu. "Wananisikiliza, Najat. Darasani ha-hakuna aliyewahi kuniuliza swali hata moja. Hapa wanauliza. Si-siwezi kuwaambia niliogopa."

Pumzi yake ikampiga Najat usoni. Ilikuwa na harufu ya kitu kitamu kilichooza. Akatoa simu chini ya shuka, akampigia mtu aliyekuwa akimsubiri nje kwenye gari.

Mtu huyo ni Sherbanu, mwenye duka la dawa la Temeke ambako Talha hununua insulini tangu ajue ana ugonjwa. Ni yeye aliyemwambia Najat kwamba mwezi huu Talha hakutokea dukani. Alikuwa amefunga duka mchana ili amlete mwenzake Kiwalani, na mtu anayelijua duka lile anajua kwamba Sherbanu hafungi hata akiumwa.

"Dada Sherbanu, nimempata. Anahema kama mbwa."

"Mdomo unanukaje?"

"Kama nanasi lililochacha."

"Mama Hija, mtoe sasa hivi. Usimpe chochote, usibishane naye. Anatakiwa dripu na daktari. Sasa hivi, unanisikia?"

Mlango wa nyuma haukuwepo. Nyuma ya godauni palikuwa na kontena la mtu mwingine, limebana ukuta. Njia ya kutokea ilikuwa moja, katikati ya watu wote wale.

Najat akamshika mumewe makwapani, Jamali akashika miguu. Wakamtoa kwenye sanduku. Talha alijaribu kung'ang'ania ubao, vidole vikateleza. Jamali akamfunika uso kwa shuka, wakalisukuma pazia kwa mgongo.

Godauni zima likasimama. Wote walijua ni nani aliyelala sandukuni nyuma ya pazia.

Mbele kabisa alikuwa mama mmoja mnene, mrefu, anayeitwa Felicitas, mpishi wa ubwabwa kutoka Ukonga. Alikuwa ameshavuka kila daraja la Udugu. Alifungua mikono yake akaziba njia.

"Mnampeleka wapi Mlezi?"

"Hospitali," Najat akasema.

"Siku zake hazijaisha."

"Mama, huyu ni mgonjwa wa kisukari. Anakufa."

"Ndiyo. Anakufa kidogo, halafu anaamka." Felicitas hakuwa na ukali. Hilo ndilo lililomtisha Najat. Alikuwa akiongea taratibu kama anayembembeleza mtoto wa jirani. "Nani wewe, mwanangu?"

"Mkewe."

Minong'ono ikatambaa nyuma. Mlezi ana mke? Mtu mmoja akasema kwa nguvu kwamba huyu katumwa. Mwingine akasema shuka lake hata halijakunjwa vizuri, mtazameni. Wanaume wawili wakaenda wakasimama mlangoni, wakaufunga kwa komeo.

"Fungueni!" Najat akapaza sauti. "Nyie watu, ni mume wangu huyu! Anafundisha watoto wenu historia hapo shuleni, anaitwa Talha! Anakoroma! Anapenda bamia!"

Hakuna aliyesogea. Felicitas alikuwa na machozi.

"Mie nimezika wanangu wawili," alisema. "Padri alinipa pole, shehe wa jirani alinipa pole. Huyu peke yake aliniambia wananikumbuka. Ukimtoa kabla ya siku, mwanangu, maana yake yote ni uongo. Mie niende wapi?"

Najat alikuwa ameshika mwili wa mumewe unaoteleza, na mbele yake mwanamke aliyechoka kuliko yeye.

Akageuka kumtafuta Jamali. Jamali hakuwepo. Miguu ya Talha ilikuwa imelazwa sakafuni taratibu, na pazia lilikuwa linatikisika.

Amekimbia, Najat akawaza. Hata huyu amekimbia.

Nyuma ya pazia, Jamali alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kipaza sauti mkononi. Alijua kwamba hawa watu hawatamsikiliza mke, wala daktari, wala polisi. Watasikiliza sauti moja tu. Alijua pia kwamba akiitumia kwa jambo hili, haitakuwepo tena. Mlezi yuko sakafuni, amezimia mbele ya macho yao. Atakayesema sasa atakuwa muongo, na kesho yake mtu yeyote mwenye akili atamwuliza bubu alikuwa wapi.

Akabonyeza swichi.

"Watoto wa Kizingiti."

Watu wote wakapiga magoti, isipokuwa Najat.

"Siku zimefupishwa. Mwenye ufunguo amefika. Mpisheni..."

Ndege ikapita. Mabati yakalia, vumbi likadondoka, na maneno yote yakamezwa na injini. Watu walitazamana. Amesema nini? Wampishe nani? Talha akakoroma kwa ndani, mkoromo mbaya, na Najat akapiga kelele bila maneno.

Ilibidi Jamali aseme tena. Mara ya pili sauti haikuwa ileile. Ilikwaruza katikati, ikawa sauti ya mzee.

"Mwenye ufunguo ni mwanamke huyo. Fungueni mlango. Mbebeni Mlezi kwa mikono yenu mumpeleke anakosema yeye. Nimemaliza."

Spika ikakata.

Felicitas ndiye aliyenyanyuka kwanza. Alimtazama Najat usoni, muda mrefu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kisha akainama, akamchukua Talha mikononi peke yake, vile anavyobeba sufuria la ubwabwa, na komeo likafunguliwa.

Sherbanu alikuwa ameshawasha gari.

"Ya Ali!" alisema alipomwona Talha. "Mlazeni ubavu, ubavu! Mama Hija, ingia nyuma umshike kichwa."

Honi mpaka hospitali. Mengine ya siku ile Najat aliyaona vipandevipande: kitanda cha kusukuma, daktari kijana akiuliza tangu lini, mkono wa Sherbanu mgongoni mwake, dripu inadondosha tone baada ya tone. Alilala kwenye benchi, kichwa ukutani, hakuota kitu.

Talha alipata fahamu sawasawa kesho yake mchana.

Wodi ilikuwa imejaa, feni inazunguka na kugonga. Najat alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, kwa kuwa viti havikutosha.

"Ni-nimefika siku ya tatu?" Talha akauliza.

"Hujafika. Nyamaza upumzike."

Halafu machozi yakaanza kumtoka kwenye pembe za macho na kuingia masikioni, na hakuyafuta kwa sababu ya sindano mkononi. Najat akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Baba Hija, mbona hukuniambia? Godauni zima linajua, mzee wa redio anajua, mie mkeo nasikia nyuma ya pazia."

"Nilitaka kuku-kukuambia. Mara nyingi. Nikianza tu, u-umeshalala."

Ilikuwa kweli. Najat anaondoka Mbezi Luis mabasi ya jioni yakishatoka, anafika nyumbani anakula amesimama, na kichwa kikigusa mto hasikii tena adhana wala mvua. Miaka mingapi hiyo? Alikuwa ameolewa na mtu mwenye mji mzima kichwani, na hakuwahi kuuona hata barabara moja.

"Uliyaamini wewe mwenyewe?" akamwuliza mwisho. "Hayo ya Rufiji na wafalme?"

Talha alifikiri. "Mwa-mwanzo nilikuwa natunga. Nilitaka darasa linalosikiliza. Halafu wakaanza kupona, Najat. Mtu anakuja ha-hali, hasemi, baada ya mwezi anacheka. Nikajiuliza, uongo unaweza kumponya mtu? Nikasema basi si u-uongo. Nikaingia nijue."

"Na umejua nini?"

"Kulikuwa na giza. Na ki-kiu."

Akafumba macho. Najat akamshika mkono usio na sindano, wakakaa hivyo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Ingekuwa hiari yangu, ningewaacha hapo. Lakini mlango wa wodi ukafunguliwa, na Sherbanu akaingia, uso umebadilika.

"Mama Hija, njoo nje."

"Kuna nini, dada?"

"Njoo tu uone mwenyewe. Jamali nimempigia asubuhi nzima, simu imezimwa. Jirani yake anasema alifungasha begi, ameondoka. Hakuna wa kuwaambia waende."

"Kina nani?"

Najat alitoka na kandambili za hospitali, mtandio umekaa upande, macho yamevimba. Kwenye uwanja, kati ya geti na jengo la wagonjwa wa nje, kulikuwa na weupe mtupu. Shuka. Walikuwa wengi kuliko waliokuwemo kwenye godauni. Mlinzi wa geti alikuwa amesimama na rungu lake hajui amwanze nani.

Najat akaenda akasimama mbele ya Felicitas, aliyekuwa safu ya kwanza. Alikuwa ameshapanga maneno tangu kwenye korido: mgonjwa hatatoka, hatawaona, hana cha kuwaambia, nendeni majumbani mwenu mkapike.

"Amefumbua macho?" Felicitas akauliza.

"Amefumbua. Lakini..."

Sauti ikapita katikati ya umati kama upepo kwenye mabua. Amevuka. Amelala, akafa, ameamka. Amevuka! Mtu akaanza kulia, mwingine akamkumbatia asiyemjua.

"Nisikilizeni," Najat akasema. "Hamuwezi kumwona."

"Hatukumjia yeye, mama," Felicitas akasema.

Ndipo Najat alipogundua kwamba yule mwanamke, mkubwa kwake kwa umri wa mama na mwana, alikuwa ameshapiga magoti kwenye changarawe. Nyuma yake wakapiga magoti wengine, safu kwa safu, mpaka getini.

"Kazi ya Mlezi ilikuwa kufika mlangoni," Felicitas alisema. "Amefika, apumzike. Lakini siku zilifupishwa kwa ajili yako, na mlango ulifunguliwa kwa ajili yako. Tumekesha tunaliwaza hilo. Shikamoo, Mwenye Ufunguo."

"Mama, nyanyuka. Tafadhali. Mie nakata tiketi za basi."

"Tunajua. Ulikuwa unafungulia watu safari, hukujua tu unachofanya." Felicitas akainua uso. "Tuambie basi. Kesho tufanye nini?"

Hata wagonjwa wa foleni waligeuka. Mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza neno zaidi ya basi linaondoka saa ngapi, akawa anatazamwa na macho yote yale, yanangoja, hayana papara, yako tayari kuamini chochote.

Nyuma yake Sherbanu akamnong'oneza, "Waambie waende, Mama Hija. Sema neno moja tu, waende."

Najat alivuta pumzi. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, *nendeni*, lilikuwa rahisi. Kisha akalikumbuka neno la Talha: wananisikiliza, Najat.

"Kaeni," akasema.

Na wote wakakaa.